Neno "Hiari" na Maisha ya Mwalimu Felicitas Kemirembe

Baba Padre, viongozi wa serikali mliofika, walimu wenzake, wakwe zetu, majirani wa Kamuli na Kibingo, na ninyi wanafunzi wake mliojaa hadi barabarani, mimi ni Clavery, mdogo wake wa kumfuata, na familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya dada yetu.

Mwalimu Felicitas Kemirembe alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 hapa hapa Kamuli, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu na mama yetu, Mama Evaresta, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele, akakua kama sisi sote kwenye kibanja cha migomba na kahawa, isipokuwa yeye alikuwa na tabia ya kuuliza maana ya kila neno alilolisikia redioni, na baba alipochoka kumjibu alikuwa akimwambia, "Kamuulize huyo anayesoma habari."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule ya kijijini, akamaliza la saba mwaka 1980, akaendelea na sekondari hadi kidato cha sita mwaka 1987, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1988 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alisomea ualimu pamoja na siasa za kimataifa na sera ya nje, akahitimu mwaka 1992, na mwaka huo huo akapangiwa kufundisha Biharamulo, kabla ya kuhamishiwa sekondari ya huku kwetu mwezi Januari 1995, mahali ambapo amefundisha hadi ugonjwa ulipomtoa darasani.

Alipofika aliwakuta wanafunzi wanakariri maneno ya siasa za dunia kwa Kiingereza kama watu wanaokariri sala ya kigeni, hivyo akaanza utaratibu wake mnaoujua, wa kufungua kila kipindi kwa neno moja la Kiswahili ubaoni na kutaka mfano wa nyumbani, na ndivyo walivyojifunza kwamba kura ya turufu ni yule mzee mmoja wa kikao cha ukoo ambaye akikataa, basi, hata wengine wote wawe wameafiki, na kwamba kutofungamana na upande wowote ni mama mkwe anayekula kwa wakwe zake wote bila kusema chakula cha nani ni kitamu, na kwamba uhusiano wa kibalozi umevunjika pale wanawake wawili wanaochota kwenye kisima kimoja wanapofikia kutumiana ujumbe kupitia kwa jirani wa tatu. Nasikia wengine mnacheka, na yeye angependa mcheke.

Tarehe 25 Septemba 1993 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Melkiory Niyonkuru, fundi seremala, ambaye madawati yake mengi mmeyakalia, mzaliwa wa Kibingo mwaka 1962, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi kuja kuchuma kahawa hata kabla ya Uhuru, na Mungu akawajalia watoto wawili, Egbert na Prudensia.

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana kwamba jambo linalofuata lisomwe, kwa sababu dada hakutaka lifichwe. Tarehe 27 Agosti 2013, katika ile operesheni ya kuwaondoa walioitwa wahamiaji haramu, shemeji Melkiory alichukuliwa karakanani kwake Rubwera, randa ikiwa mkononi, na dada aliponipigia simu tukafuatana hadi kwenye ofisi moja alikokuwa amewekwa, tukamkuta ofisa wa uhamiaji aliye mezani ni Yusto, aliyekuwa mwanafunzi wake wa kidato cha sita, akasimama na kumwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaeleza kwamba shemeji anatakiwa akubali kuwa anaondoka kwa hiari.

Dada akamwuliza, "Yusto, hiari nilikufundisha ni nini?"

Yusto akajibu akiwa ameinamisha kichwa, "Ni pale mtu anapoweza kusema hapana na asipatwe na baya, Mwalimu."

"Haya, huyu akisema hapana?"

"Atafungwa pingu, apandishwe lori na wale wengine. Mwalimu, mimi nimepewa njia mbili tu. Ya hiari hawapigwi."

Nilidhani dada atapaza sauti, maana alikuwa anaweza, lakini alimtazama mumewe, akamwambia taratibu, "Baba Egbert, kubali. Sema ni hiari," na shemeji akasema, na tangu siku hiyo dada alikuwa akituambia kwamba neno lile amelisema kwa kinywa chake mwenyewe akijua kwamba si kweli, na kwamba kumwokoa mtu asipigwe hakukulifanya liwe kweli.

Shemeji alivushwa mpaka kupitia Ngara hadi nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na huko nako wakamsikiliza Kirundi chake cha kuokoteza wakamwambia yeye ni Mtanzania, akalala kwenye majengo ya parokia moja akichonga viti, huku dada akimfuata kila shule zikifungwa, na kila aliporudi alikuwa mwembamba zaidi. Lile neno "asiye na utaifa", ambalo alikuwa akilifundisha haraka haraka kwa kuwa halitoki sana kwenye mtihani, alianza kulifundisha kwa kipindi kizima, na walimu wenzake wanakumbuka kwamba siku moja alitoka darasani katikati ya kipindi hicho, akakaa peke yake nyuma ya maabara.

Mwezi Februari 2015 shemeji aliruhusiwa kurudi, lakini alirudi kama mgeni, kwa kibali cha kuishi nchini kama mume wa Mtanzania, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kilomita chache kutoka alikozaliwa.

Mwezi Machi mwaka jana dada alianza kuumwa, akagundulika kuwa na kansa ya kizazi, akatibiwa hospitali ya wilaya na kisha hospitali ya rufaa Mwanza, na kila tulipomwuliza anaumwa wapi alituuliza sisi, "Nikiondoka, Melkiory atakuwa mume wa nani?" maana kibali chake kimesimama juu ya uhai wa mkewe. Mwezi uliopita alimwita Yusto kitandani, akamwambia, "Sikukuita unililie. Nimekuita ulifuatilie shauri la uraia la mume wangu mpaka lijibiwe," na Yusto akaahidi mbele yetu, ila jibu halijafika. Alifariki dunia tarehe 9 Oktoba 2024, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, majirani mliokesha nasi, uongozi wa shule na walimu wenzake, Mzee Shaaban wa dukani aliyetoa gari lake tangu siku ya kwanza ya ugonjwa, Jumuiya yetu, na Yusto, ambaye tangu juzi mmemwona akibeba viti na maji bila kuambiwa na mtu. Viongozi mliopo, kibali cha shemeji kinafikia mwisho tarehe 30 Novemba, na sisi hatujui baada ya hapo tumwite nani. Yeye ndiye aliyeranda mbao za jeneza hili, na ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Dada, umefundisha vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.