Mzee Lenzi na Pete Aliyoihukumu Mezani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotusindikiza hadi hapa, familia imenipa mimi, mdogo wake wa tumbo moja, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye nyumbani alikuwa Baba na mjini alikuwa Mzee Lenzi, na naomba mnivumilie, kwa kuwa sehemu moja aliisema mwenyewe kitandani, akaagiza isifupishwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa dobi na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza 1964, akaingia sekondari, lakini aliishia kidato cha pili, baba alipofariki, kwa sababu sisi wadogo zake tulikuwa sasa mgongoni mwake, naye hakulalamika hata siku moja, ingawa kununa alinuna sana.

Mwaka 1967 aliajiriwa na sonara mmoja mkali, na hapo ndipo alipojifunza kwamba almasi halisi ukiipulizia pumzi ukungu hutoweka papo hapo, ilhali kioo hubaki na ukungu wake, kwamba jiwe lisilofungwa kwenye pete ukilipindua juu ya gazeti, maandishi yakisomeka hilo si almasi, na zaidi ya yote, kwamba jiwe huoshwa kwanza ndipo lihukumiwe, kwa maana mafuta ya mikono hulisingizia. Alipofungua duka lake mwaka 1981, agizo hilo alilibandika juu ya sinki. Wengi wenu aliwaokoa msiuziwe vipande vya chupa kwa jina la almasi, na wengine aliwaliza pale pale kaunta, kwa sababu kaka yetu hakujaliwa ulimi wa asali.

Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974 na fundi cherehani, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa binti mwaka 1975 na mtoto wa kiume mwaka 1979.

Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, mchumba wa binti, kijana fundi redio, alikuja na wazazi na shangazi zake kula chakula cha mchana, na binti alitoka jikoni kukaanga samaki, pete ikiwa kidoleni na mafuta mkononi. Marehemu aliiomba ile pete, akaipulizia, ukungu ukakaa, naye mbele ya watu kumi na wanane akatamka kwamba hicho ni kioo, na kwamba anayeanza na uongo wa kidoleni hashindwi uongo wa chumbani. Binti alimsihi aioshe, akajibiwa kwamba macho ya miaka thelathini hayafundishwi kazi na mtoto. Kinyozi hajinyoi, nasi tuliokuwepo tulilikumbuka lile agizo la sinki, tukanyamaza kwa woga. Mama wa kijana alisimama kabla ya chai, wakaondoka na pete yao, na uchumba ukafa siku ile ile.

Binti alihamia mji mwingine kufundisha, hakuolewa, na kwa miaka ishirini na mbili salamu kwa baba yake alizipitisha kwa mama.

Tarehe 19 Oktoba 2004 yule kijana aliingia dukani, akaiweka pete kaunta, akaomba ipimwe. Marehemu aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaipiga mswaki, akaipulizia, na ukungu ulitoweka kabla hajainua kichwa, akaangalia kwa lenzi, akahakikisha kwa mashine, kisha akamwandikia karatasi kwamba ni almasi. Kijana aliikunja karatasi, akauliza kama hakuna la ziada, marehemu akamjibu kwamba hakuna, na kwamba duka hufungwa saa kumi na moja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Mwezi uliopita alimwita binti yake, akamweleza yote, na alipoulizwa kwa nini alikaa kimya miaka kumi na mitano, alisema aliona aibu, na kila mwaka aibu ilizidi kuwa nzito. Binti alimwambia amesikia. Alimwogesha na kumlisha kwa siku tisa zilizobaki, lakini neno la msamaha hakulitamka, ingawa mzee alilisubiri kwa macho hadi Jumanne tarehe 6 Agosti 2019, saa nne asubuhi, alipofariki, na binti ameniomba nisome hivyo hivyo, nisimsingizie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi, na masonara wenzake waliofunga maduka leo.

Mwisho, yupo mtu ameketi nyuma kabisa na mkewe, ambaye hakulazimika kuja. Ndugu yetu, marehemu alisema kwamba kwa kuwa alikuvunjia heshima mbele ya watu, ni mbele ya watu akurudishie, na kwa kuwa yeye hakuthubutu, nasema mimi niliyekuwepo mezani nikanyamaza. Almasi yako ilikuwa halisi, nawe hukutudanganya, tusamehe.

Kaka, nimelisema. Sasa pumzika kwa amani.