Betri za Boti Si za Msibani

Tumsifu Yesu Kristo. Hee, mbona mmeitikia kwa sauti ndogo? Najua. Mmeniona nasimama, mkajiuliza huyu mama leo atamtaja nani. Sitamtaja mtu. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nishuhudie nilivyoanguka na nilivyoinuka, na nitashuhudia, ila nawaambia mapema kwamba hasira bado ninayo. Anayetaka ushuhuda wa machozi amngoje atakayefuata.

Boti yangu mnaijua. Tuliinunua mimi na mume wangu kwa kahawa ya shamba letu la Kamachumu. Mume wangu ni mtu wa migomba, maji anayaogopa kama paka, kwa hiyo boti ikawa yangu na nahodha wangu. Tunapeleka watu na ndizi visiwani, tunarudi na watu na samaki. Ndani kulikuwa na betri mbili za gari zilizounganishwa pamoja, na hizo hizo zilifanya kila kitu: kuwasha injini, taa, redio, na ile pampu ya kutoa maji yanayoingia chini.

Sasa niwaulize. Mtu akifa hapa kwetu, kinachotafutwa kwanza ni nini? Zamani ilikuwa kuni na mikungu ya ndizi. Siku hizi ni betri ya boti yangu! Mnakuja mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, wawili watatu, kofia mkononi, na heshima zote za Kihaya: "Waitu mama, tumepatwa na msiba." Kabla sijauliza nani amefariki, mmoja keshaingia kwenye boti na spana anafungua nyaya. Ningekataaje? Mhaya gani anakatalia msiba? Betri inakwenda, inawasha taa za turubai, inapiga kwaya mpaka kunakucha, na waombolezaji nusu wanachajia simu. Kufa kufaana, eti. Inarudi imekauka kabisa. Mara moja ilirudi imelazwa ubavu kwenye pikipiki, tindikali ikamwagika ikatoboa suruali ya aliyeibeba, na mtu huyo huyo akaja kunigombeza mimi kwa sababu ya suruali yake.

Betri ya gari haikutengenezwa kwa mateso hayo. Moja ilipokufa nilinunua mpya, nikaifunga pamoja na ile kuukuu, kama tunavyofanya sote hapa, tukisema mpya itamvuta mzee. Ndugu zangu, mzee ndiye aliyemvuta mpya kaburini.

Siku ile tulitoka kisiwani mchana, boti imejaa. Magugu maji yakajisokota kwenye pangaboi la injini, nahodha akazima injini ili ayakate. Alipowasha tena, ikalia tik, tik, halafu kimya. Upepo nao ukainuka. Mawimbi yakaanza kuingia, na pampu kimya. Tulichota maji kwa ndoo, kwa sufuria, kwa viatu. Tulitupa mizigo ya watu ziwani huku wenyewe wanatazama. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga, amemfunga kifuani kwa kanga mbili, ananiangalia tu. Afadhali angenitukana.

Wavuvi walituona, wakatufunga kamba wakatuvuta. Hakufa mtu. Mungu ni mwema.

Lakini huku mwaloni? "Mwanamke na injini wapi na wapi!" Walisema akina nani? Wale wale waliokuwa wameirudisha betri kutoka msibani juzi yake! Shukrani ya punda ni mateke, nimeyapata yote. Abiria wakanikimbia. Boti ikavutwa mchangani, kuku wakatagia ndani. Niliacha kuja jumuiya. Nililala mchana kutwa, na kila nikifumba macho namwona yule mtoto anaelea. Hapo ndipo nilipoanguka, na ninyi mlipita mbele ya mlango wangu mkienda kusali.

Halafu siku moja watu wakabisha hodi mlangoni. Nikafurahi, nikadhani wamekuja kunipa pole. "Waitu mama, kuna msiba. Zile betri, kwa kuwa boti haifanyi kazi..."

Nilisimama. Nikasema hapana. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Mmoja akaniambia, "Hutaki kuzika wenzako? Basi wewe utazikwa na nani?" Maneno hayo kwetu ni laana, mnajua. Ndipo mama mkwe wangu akatoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akamjibu: "Nitamzika mimi. Na mimi nikifa nizikeni mchana, sihitaji taa. Maiti hazami." Wakaondoka. Nikalia, kisha nikaoga, nikala.

Msimu wa kahawa ulipofika nilikwenda Bukoba mjini kwa fundi. Akanieleza kwamba betri ya kuwashia injini hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, basi, na inataka kujazwa upesi. Ya taa na pampu ni aina nyingine, inavumilia kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Akafunga moja ya injini peke yake. Kwa pampu na taa akafunga mbili, za aina moja, zote mpya, na swichi ya kuzitenganisha na ile ya injini, ili taa zikimaliza umeme, injini bado iwake. Zote zimo kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, juu ya maji, zimekazwa kwa mikanda. Na kufuli. Ndiyo, kufuli, msinikodolee macho.

Abiria wa kwanza kurudi alikuwa yule mama wa mtoto mchanga. Aliuliza tu, "Betri zimo?" Nikamfungulia sanduku akaangalia mwenyewe, ndipo akapanda.

Nawashukuru wale wavuvi. Namshukuru fundi, na mama mkwe wangu yule pale nyuma anayejifanya hasikii. Funzo langu ni hili: tunawaheshimu wafu mpaka tunawasahau walio hai. Mkipata msiba niiteni, nitafika wa kwanza, na ndizi, na kuni, na mikono hii ya kupika. Betri hapana. Hizo ndizo zinazowarudisha watoto wenu nyumbani.

Kesho asubuhi tunaondoka kwenda visiwani. Njoo na mzigo wako, njoo na mtoto wako. Spana iache nyumbani.