Bi Thongbai Phimsen, Aliyewakumbusha Wageni Muhuri wa Kurudi

14 Aprili 1958 – 11 Novemba 2020

Wasifu huu unasomwa na Bunlert, mdogo wa marehemu. Mheshimiwa mkuu wa hekalu amemwomba asome kwa upole, bila hasira. Atajaribu.

Marehemu Thongbai, ambaye wengi wenu mlimwita Bai, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Aprili 1958 katika kijiji cha Ban Nong Wa, wilaya ya Tha Bo, mkoa wa Nong Khai, mpakani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Khamphan na Bi Sida Phimsen, ambao wote wametangulia. Ilikuwa katikati ya sikukuu ya mwaka mpya, watu wakimwagiana maji barabarani, na mkunga alifika kwa mama amelowa chapachapa huku akiwatukana vijana wa njiani. Mama alipenda kusema kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia Bai duniani ilikuwa ya mtu mzima akilalamika, ndiyo maana baadaye foleni za uhamiaji hazikumtisha. Miaka tisa baadaye alizaliwa Bunlert, na Bai ndiye aliyembeba mgongoni wakati wazazi wako shambani.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1972 akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Sekondari hakwenda, kwa sababu mpunga ulihitaji mikono. Mwaka 1977 alihamia kwa shangazi yake mjini Nong Khai, akajifunza kupiga taipu kwa miezi sita. Kuanzia mwaka 1978 alikaa na taipureta yake nje ya ofisi ya wilaya, akiwaandikia watu barua za maombi. Mtu akija na shida isiyo na kichwa wala miguu, Bai aliisikiliza, akaifuta jasho, akaifanya ukurasa mmoja unaoeleweka.

Mwezi Juni 1999 alifungua duka la fotokopi mkabala na ofisi ya uhamiaji. Mashine moja, meza moja, feni moja. Kwa miaka ishirini na mmoja kila mgeni mkaazi wa mji huu alipita pale: Wajerumani, Wafaransa, Waaustralia, wengi wao wazee waliokuja kuishi kwa pensheni zao. Bai hakutoa nakala tu. Alisoma kila ukurasa aliouweka kwenye mashine. Akiona mtu anajiandaa kusafiri, alimuuliza kama amechukua muhuri wa kurudi, kwa sababu ruhusa yao ya kukaa ilikuwa ya mwaka mzima, lakini ukivuka mpaka bila ule muhuri, mwaka wako wote umekufa hapo hapo kwenye daraja la mpakani, na unaanza upya kama mtu asiyejulikana. Mwaka 2004 alimkimbilia mzee mmoja wa Kibelgiji hadi ndani ya basi la Vientiane, nchi ya jirani, akamshusha kwa kuvuta mkoba wake mbele ya abiria wote. Mzee alinuna wiki nzima kwa kukosa chakula chake cha mchana ng'ambo ya mto. Alipoelezwa vizuri alimletea Bai samaki wa kuchoma kila Ijumaa hadi alipofariki.

Bima ya afya ndiyo iliyomkosesha usingizi. Alikuwa na faili nzima ya makampuni, na kwa kila kampuni aliandika pembeni umri wa mwisho wanaoukubali na maradhi wanayoyakataa. Wazee walikuja na barua za kukataliwa, wengine wakilia waziwazi. Bai alikuwa akiwaambia, "Hawa watu wanakukatia bima ukiwa mzima. Ukiugua wanakukatia simu." Kisha aliketi nao, akatafuta kampuni nyingine.

Mwaka 2007 alifika dukani Torleif Nesheim, fundi mstaafu wa injini za vivuko kutoka Haugesund, Norwei, ambaye sisi tulimwita To. Alitoa nakala ya pasipoti. Kesho yake akarudi kutoa nakala ya ukurasa ule ule. Siku ya tatu Bai alimuuliza kama anakula hizo karatasi. Walifunga ndoa nyumbani Ban Nong Wa tarehe 9 Februari 2009; watawa walisoma sala, wazee wakawafunga nyuzi za baraka mikononi, na shemeji To akanywa pombe ya mchele hadi akaimba kwa lugha yake. Kijiji kizima ni shahidi.

Ofisi ya wilaya si shahidi. Ndoa ile haikusajiliwa, na hapa msomaji anaomba asamehewe sauti yake. Ilitakiwa barua ya ubalozi, itafsiriwe, igongwe mihuri, ipelekwe wilayani kabla haijapitwa na wakati. Barua ilichukuliwa mara mbili na mara mbili ikapitwa na wakati, kwa kuwa wilaya ilifunguliwa saa zile zile za duka, na dukani kulikuwa na foleni ya watu ambao Bai alikuwa akiwahimiza wasajili ndoa zao. Mganga hajigangi. Kila mwaka walisema tutakwenda baada ya mavuno, na miaka kumi na mmoja ikapita.

Januari 2020 Bai alianza kuumwa tumbo. Mwezi huo huo shemeji To alipata habari kwamba dada yake ana ugonjwa usiopona huko Haugesund, akachukua muhuri wa kurudi, ule wa safari moja. Tarehe 20 Februari alivuka kwenda Vientiane kwa daktari wa meno na kurudi jioni. Safari ile moja ikawa imeliwa na jino. Tarehe 28, Bai akiwa hospitali ya mkoa kwa vipimo, shemeji alikuja dukani na pasipoti ili nakala zibaki nyumbani, na aliyezitoa ni Bunlert, aliyekuwa akimshikia dada yake duka. Tarehe 2 Machi akaruka.

Bai aliporudi dukani alifungua faili, akaitazama nakala muda mrefu. Muhuri ulikuwa umeandikwa juu yake kwa kalamu kwamba umetumika.

"Bunlert, hii umeitoa wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Na uliiangalia?"

"Niliangalia kama imetoka vizuri."

Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alisema tu kwamba To atarudi kama mtalii na wataanza upya, haijawa balaa. Lakini dada yake To alizikwa tarehe 18 Machi, tiketi ya To ya kurudi ilikuwa ya tarehe 27, na kabla ya siku hiyo kufika janga la korona lilikuwa limefunga mipaka ya dunia.

Mwezi Juni madaktari walisema tumbo lile ni saratani ya mirija ya nyongo. Mwezi Julai ikatangazwa kwamba wageni wenye wake hapa nchini wanaweza kuingia, wakiwa na bima. Bai alipiga simu mwenyewe, akiwa kitandani, kwa ofisa mmoja Bangkok. Ofisa aliuliza kama ana cheti cha ndoa.

"Nina mume," Bai akajibu.

"Nimeuliza cheti, mama."

Wenye ruhusa hai ya kukaa nao waliruhusiwa baadaye. Ruhusa ya shemeji ilikufa kwa jino. Kwa hiyo hakuwa mume, hakuwa mkaazi, alikuwa mzee wa miaka sabini na nne mwenye mishipa ya moyo iliyowahi kuzibuliwa, na makampuni saba ya bima yalimkataa kwa barua zilizofanana hadi nukta. Bai aliagiza faili yake iletwe kitandani. Alimtajia mumewe kwa simu kampuni moja baada ya nyingine, mkono mmoja ukishika simu na mwingine ukikandamiza ubavu. Muuguzi alimnyang'anya simu mara mbili, na mara zote mbili akairudisha kwa kushindwa.

Ya nane ilikubali. Mwezi Oktoba ikafunguliwa viza mpya ya watalii wa muda mrefu, na Bai, ambaye hakuwa akila tena chochote ila maji ya wali, alimwandikia To orodha ya karatasi kumi na moja kwa mwandiko wake, tukaipiga picha tukamtumia. Shemeji alitua Bangkok Jumanne tarehe 3 Novemba. Sheria ilimtaka akae chumbani hotelini usiku kumi na nne. Tuliomba apunguziwe. Tukaulizwa uhusiano wake na mgonjwa, na kithibitisho chake.

Walizungumza kwa mara ya mwisho Jumanne tarehe 10 jioni, Bunlert akiwa ameshika simu. Dawa zilikuwa zimemchanganya kidogo.

"To, umechukua muhuri wa kurudi?"

"Sina haja nao, Bai. Sitoki tena."

"Wote husema hivyo," akasema Bai, akafumba macho. Alifariki alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Novemba 2020, mumewe akiwa ndani ya nchi moja naye, safari ya saa tisa kwa gari, nyuma ya mlango uliowekewa mlinzi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Baadhi ya wazee walitaka achomwe siku ya tatu kama desturi. Bunlert alikataa, na kama alimjibu mtu vibaya anaomba radhi leo. Mtu aliyewasubiri wengine foleni miaka ishirini na mmoja alistahili kusubiriwa siku kumi, hadi leo. Shemeji aliachiwa tarehe 17, akapanda basi jioni ile ile, na tangu afike hajaondoka pembeni ya jeneza. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa ndoa, pameandikwa kwamba marehemu hakuwahi kuolewa. Kijitabu hiki cha wasifu hakijagongwa muhuri wowote, ila kinasema ukweli.

Marehemu ameacha mdogo wake, Bunlert Phimsen. Shangazi yake, Bi Chanthi. Duka, ambalo litafunguliwa Jumatatu. Na mume, Torleif Nesheim, mwenye ruhusa ya kukaa hadi tarehe 31 Januari 2021, na bima inayokoma tarehe 22 ya mwezi huo, atakapotimiza miaka sabini na mitano.

Lala kwa amani, dada Bai. Karatasi za mumeo ziko kwa mdogo wako, na safari hii amezisoma.