Raphaël Ebengo na Gari Lake la Viti Viwili

Ndugu na jamaa, wachungaji, majirani mliopanda kutoka Baraka na ninyi wenyeji wa Fizi, familia inawaomba mtulie kidogo, mliopata pa kukaa na mliokosa, tumsomee ndugu yetu maisha yake kabla hatujamfikisha kaburini, nasi tutayasoma yote, hata lile linalonong'onwa jikoni tangu Jumanne, kwamba mjane wake Adolphine alipita na maiti katikati ya Nakasele, kijiji alichozaliwa mumewe, bila kusimama, bila kulia, bila hata kuinua mkono, na kwamba mwanamke wa namna hiyo asikae kwenye mkeka wa wafiwa. Tumechoka, macho yanauma, lakini hatutamzika mtu huku neno hilo limebaki juu ya kichwa cha mke wake.

Raphaël Ebengo alizaliwa Nakasele tarehe 3 Mei 1969, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wilfried Ebengo, na mama yake alipofariki, yeye akiwa bado ananyonya, alichukuliwa na shangazi yake, mama Anastasie, aliyeketi hapa mbele yetu, ambaye alimlea kwa muhogo, kwa samaki na kwa fimbo pale ilipobidi, hata akamwita mwanawe na hakuna aliyebisha. Masomo ya msingi aliyafanya palepale kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaingia sekondari hapa Fizi, akaiacha mwaka wa tatu, kwa sababu walimu walisema kila daftari lake lilijaa magari, marefu ya pua na mafupi ya mgongo, na hesabu hazikupata pa kukaa.

Mwaka 1986 aliteremka Baraka kujifunza ufundi wa kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya mpaka vita vya Oktoba 1996, alipovuka ziwa pamoja na wengi wenu hadi Kigoma, akaishi kambini karibu miaka kumi, akifundisha vijana wengine kuchomelea. Kambini ndipo alipomwona Adolphine, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, Mungu akawapa watoto watatu, Espérance aliyezaliwa mwaka 2000, Dieumerci mwaka 2003, na Aline aliyezaliwa Baraka mwaka 2008, baada ya familia kurudi na meli mwaka 2006.

Sasa tunafika kwenye gari, na wengine mnatabasamu, tabasamuni tu, hata marehemu angetabasamu. Kuanzia mwaka 2010, kila alipomaliza milango na madirisha ya watu, Raphaël aliunda gari kwa mikono yake, chassis akiikata kutoka lori lililooza njia ya Lulimba, injini akiitoa kwenye Toyota iliyokuwa imeanguka mtoni, na bodi akiigonga kwa nyundo kutoka mapipa ya mafuta, na tarehe 30 Juni 2013 likatoka nje ya karakana, jekundu, la mashindano, chini kabisa, likiruka mashimo kwa namna iliyofanya Baraka yote iliite Chura. Lilikuwa na viti viwili. Ukoo mzima ulikuwa umetarajia camionnette, gari dogo la mizigo, la kubeba mahindi, wagonjwa na wageni wa harusi, tukamuuliza ni akili gani hii, naye akajibu mbele ya wazee, "Camionnette iko ya bantu bote, na mi nitakuwa dereva wabo mupaka nikufe. Hii iko ya mi na bibi yangu." Mama Anastasie aliumia kwa jibu hilo, na tangu siku hiyo hakukubali kupanda, akisema, "Kama hakuna kiti ya mwenye alimulea, basi mi niko na miguu."

Na si gari la kuonyesha Jumapili, hapana, lilikuwa la kila siku, la kufanyia kazi zote ambazo gari la namna hiyo halikuumbwa kuzifanya. Asubuhi lilimpeleka Adolphine ufukweni akarudi na beseni la ndakala mapajani, maji ya samaki yakimtiririkia miguuni, mchana lilibeba mlango wa chuma uliofungwa mgongoni kwa kamba, na siku ya saruji mfuko ulikaa kwenye kiti naye mke akatembea. Mvua ikinyesha lilikwama, na hapa msibani ni shida kumpata mtu mzima wa Baraka ambaye hajawahi kulisukuma akapigwa matope usoni. Adolphine alichoka na gari hilo kabla yetu sote, mgongo ulimuuma, vumbi lilimkaba, akaomba gari kama la watu wengine, akaambiwa mwaka ujao, na mwaka ujao ukaja mara nyingi. Mwaka 2019 démarreur, ile mota ya kuwashia injini, ilikufa, tangu hapo likawa haliwaki bila kusukumwa au kuteremshwa mlima.

Ugonjwa wa sukari ulimshika Raphaël mwaka 2021, mwaka uliofuata macho yakaanza kufifia, na Adolphine, akiwa na miaka arobaini na sita, akajifunza kuendesha, mume akimwelekeza kwa kusikiliza injini, na watu walicheka sana barabarani. Figo zilipodhoofika alilazwa Baraka, akaruhusiwa tarehe 13 Novemba 2023, nasi tulielewa maana ya ruhusa ile. Akaomba jambo moja tu, apandishwe Fizi akamshike mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Espérance.

Yaliyotokea tarehe 14 Adolphine aliyaeleza jana asubuhi mbele ya wazee, na tunayasoma kama alivyoyasema. Majirani waliwasukuma wakaondoka, Raphaël amefungwa kitenge kifuani ili asiyumbe, wakavuka daraja, mlima ukaanza, naye akasema, "Adolphine, usisimame, tutafika tu," kisha kichwa chake kikamwangukia mkewe begani, kitenge kikalegea. Alijua. Alijua pia kwamba gari hilo likizima mlimani, pua ikielekea juu, hata kusukumwa hakuliwashi tena, na kwamba kutoka pale maiti hufika nyumbani kwa njia moja, ambayo wote tumeiona, ameketishwa juu ya pikipiki katikati ya wanaume wawili, amefungwa kamba, miguu ikigonga mawe. Basi hakusimama. Alipanda kwa gia ya pili njia nzima, injini ikilia mpaka Nakasele wakasema anacheza na gari, kumbe mkono wake wa kubadilishia gia ulikuwa na kazi nyingine.

Mama Anastasie, shangazi yetu, wewe ulikuwa umesimama kando ya barabara na sahani ya kuku uliyompikia mwanao, ukapunga, gari likapita, na uchungu wako tunauelewa, tunauheshimu. Lakini Adolphine alikuona. Aliomba tukuambie kwamba alikuona mpaka rangi ya kitambaa chako, na kwamba hakuinua mkono kwa sababu mmoja ulikuwa kwenye usukani, na mwingine ulikuwa kifuani mwa mtoto uliyemlea, ukimzuia asianguke. Alimfikisha akiwa ameketi, viatu miguuni, akaliacha gari lizime uani kwa Espérance, na kilio ambacho mlisema hakukilia, Fizi yote ilikisikia.

Familia inaomba apewe nafasi kwenye mkeka, upande wa kichwa cha mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Baraka waliomhudumia kwa moyo mpaka dawa zikafika mwisho, mafundi wenzake waliochomelea msalaba wake bila kuombwa, parokia kwa camionnette iliyowaleta wageni, na majirani wote waliosukuma, miaka kumi, bila kuuliza kwa nini. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja, ambaye hakuwahi kumshika.

Raphaël, ndugu yetu, lala, upumzike. Mke wako ni wetu.