Fainali Iliyochezwa kwa Kingo Laini

— Hiyo elfu tatu haitoki hapa! Hata Lewis akuje na chifu!

Ondieki alikuwa amesimama mbele ya benchi ya Dahabo, muuza kahawa wa Keumbu, kikombe kikimmwagikia viatu na yeye hana habari. Jana yake ilichezwa fainali ya gemu ya mpira, ile ya kwenye skrini, katika kibanda cha Uzair. Lewis wa Masimba alishinda moja bila, na sasa Uzair alikuwa ameketi hapo benchini na zawadi hiyo mfukoni, akimngoja aje kuichukua. Ondieki hakukubali kwamba amefungwa na mtu. Alifungwa na mashine.

— Ulilala, bana, Uzair akasema.

— Nililala? Nabonyeza kupiga, mchezaji anasimama kwanza kama anaomba ruhusa! Kwa nusu fainali hakuwa hivyo. Ulibadilisha nini?

Uzair akakuna shingo.

— Niliwasha ile setingi ya kulainisha kingo. Si mlilia mistari ya uwanja inakaa meno ya msumeno? Na wewe ndiye ulilia zaidi.

Kweli alilia, na Ondieki si mtu wa kukana neno lake.

— Nililia. Lakini uliniambia itakula mbio ya mashine?

Fundi wa redio, mzee waliyemwita Waya, akaweka kikombe chini.

— Kulainisha ni kazi, vijana. Mashine inachora mstari, halafu inaurudia kuupiga msasa. Kila picha. Hiyo yako ni ya zamani, Uzair. Ikipiga msasa, picha inayofuata inachelewa.

— Waambie, mzee! Ondieki akadakia.

— Tena msasa unakula stima, Waya akaendelea. Ndiyo maana jana taa za soko zilififia.

— Zilififia mpaka Kisii, Dahabo akasema.

— Basi na huko kuna mtu alikuwa analainisha, Waya akajibu.

Wakacheka wote isipokuwa Ondieki.

— Lakini Lewis si alitumia mashine hiyo hiyo? Uzair akauliza. Mlichelewa wote.

— Lewis anacheza kungoja! Anajaza watu nyuma, anakaa. Mimi ni pasi za haraka. Ukitufunga miguu sisi wawili, nani anaumia? Mwenye kukimbia ama mwenye kukaa?

— Mashine nayo inajua mgeni, Waya akaongeza. Inampa heshima.

— Yaya, hapana, mzee, hapo umepotea, Ondieki akasema.

Ilwad wa duka la nguo alikuwa amekuja tu kujaziwa chupa yake. Akamgeukia Uzair.

— Samahani. Leo asubuhi watu wanacheza na picha gani?

— Ile ya kwanza. Nilizima kulainisha jana, fainali ilipoisha tu.

— Kama ilikuwa sawa, ulizima kwa nini?

Uzair akatazama barabara. Waya akainua kikombe, akakuta hakina kitu, akanywa hivyo hivyo.

Ondieki akaketi. Sauti ilikuwa imeshuka.

— Jumamosi ni Sabato, niko kanisani. Jumapili, saa nane, mimi na Lewis, setingi ya nusu fainali. Pesa ikae kwa Dahabo. Uzair, nipe mechi yangu.