Mama Milia na Vivuko Vyake Themanini na Sita

Kwa masikitiko makubwa, Kitengo cha Usalama Barabarani kinawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Julai, ndoo nyekundu ya mlangoni mwa ghala la rangi haitakuwa na mtu wa kuikalia. Maombi ya kuirithi hayatapokelewa. Mwenyewe, fundi wetu wa alama za barabarani tuliyezoea kumwita Mama Milia, anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya kutumikia miaka thelathini na miwili.

Ndoo hiyo msiidharau. Kabla ya kuchora kivuko chochote, Mama Milia huipindua kando ya barabara, akaikalia asubuhi nzima, akitazama miguu ya watu inapita wapi. Watu, husema, hawavuki anapotaka mhandisi, wanavuka kule wanakokwenda. Akisharidhika hutia alama ya chaki na kuvuta kamba, ndipo kopo la rangi lifunguliwe. Sisi wa ofisi ya michoro tulikuwa tukimtania kwamba ameajiriwa kukaa. Naye alikuwa akitujibu kwamba hata sisi tunakaa, tena kwenye viti vya kuzunguka, na bado hatuoni kitu.

Ulimi wake madereva wanaujua. Siku moja mwenye lori alishusha kioo akamuuliza, "Mama, barabara inaolewa? Mbona unaipamba hivyo?" Akamjibu bila kuinua brashi, "Inaolewa, na wewe hukualikwa. Punguza mwendo!"

Waendesha baiskeli nao wana deni la shukrani kwake. Yeye mwenyewe huja kazini kwa baiskeli, na asubuhi moja gurudumu la mbele lilizama kwenye mfuniko wa mtaro, ule wenye matundu marefu yaliyofuata urefu wa barabara. Akarushwa, akatua miguuni pa mkurugenzi aliyekuwa akishuka garini. Mwingine angekimbia kwa aibu. Yeye alijipangusa vumbi, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamwomba ainame aone tairi limebanwa wapi. Mkurugenzi akachuchumaa na suti yake. Miezi miwili baadaye mifuniko mia mbili na kumi na minne ilikuwa imegeuzwa, matundu yakakata barabara badala ya kuifuata. Ofisi yetu ilikuwa na faili la suala hilo kwa miaka mitano. Lilikuwa limenenepa kuliko mimi, Bwana Rula wenu, na mnanijua.

Ameacha vivuko themanini na sita, njia mbili za baiskeli, na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kushika brashi na kutomwamini mtu anayepima barabara akiwa mezani.

Sasa wengi wenu mnajiuliza, mtu wa namna hii anastaafuje bila kuwahi kuwa msimamizi? Jibu la kwenye korido ni lile la barua ya onyo. Eti miaka kumi na tisa iliyopita alichora kivuko cha zahanati mbali kabisa na mchoro, kwa kuwa hajui kusoma michoro. Mara mbili jina lake lilipendekezwa, na mara mbili barua hiyo ilitolewa kwenye faili ikasomwa. Vijana humtania nayo, naye hucheka pamoja nao. Lakini Ijumaa anaondoka, na asiposemewa sasa, hivyo ndivyo atakavyokumbukwa. Basi niseme yaliyotokea hasa.

Mchoro ule niliuchora mimi. Nilikuwa na miezi minne kazini, bado niko kwenye majaribio, nikatumia ramani ya zamani bila kunyanyuka kitini. Sikujua kwamba zahanati ilikuwa imehamishia lango lake upande wa pili wa kona, hatua sitini kutoka pale. Kivuko changu kingewavusha wajawazito na wazee moja kwa moja hadi ukutani. Mama Milia alikaa pale asubuhi moja, hakuona hata unyayo mmoja ukivuka nilipopanga mimi, akaenda kuchora mbele ya lango. Mkaguzi alikuja na mchoro mkononi, nami nikiwa nyuma yake. Watu hakuwatazama, alitazama karatasi. Mama Milia aliniangalia mara moja tu. Alijua mke wangu amejifungua wiki ile na kazi yangu haijathibitishwa. Akamwambia mkaguzi kwamba aliyekosea ni yeye. Baadaye akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, mimi ngozi yangu ngumu. Wewe kajifunze kutembea."

Kutembea nilijifunza. Kusema ndiko kulikonishinda. Nilithibitishwa, nikapandishwa cheo, na mwaka kivuko kile kiliposifiwa kwamba hakuna aliyegongwa pale tangu kichorwe, pongezi zilikuja ofisi ya michoro, nami nikasimama mstari wa mbele kupigwa picha.

Jumanne iliyopita nilipeleka mchoro wenyewe na maelezo yangu kwa ofisi ya utumishi. Barua yake ya onyo imefutwa; yangu, bila shaka, inachapwa. Kisha nikaenda ghalani kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, lakini machozi yakatangulia, nikabaki nimesimama mlangoni, mwanamume mzima na tumbo lake. Alinisikiliza huku akiosha brashi. Nilipomaliza, akasema, "Haya, nimesikia. Sasa sogea, Bwana Rula, unawazibia watu njia."

Nimesogea, dada. Kwa niaba ya wote waliovuka salama bila kulijua jina lako, asante. Nenda ukapumzike vyema, uwe na afya na miaka mingi ya kuendesha baiskeli yako bila haraka, na popote utakapotaka kuvuka, magari yakusubiri.