Mpishi Aliyeogopa Kumeza

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Daktari Ndolo msimamizi wa kituo hiki cha afya, Sheikh Sharif, Mchungaji na mama mchungaji, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama mliokaa nyuma karibu na masufuria mkidhani siwaoni: Assalaam alaykum, na asiyeitikia hiyo, hujambo.

Mie ni Mwanapili, mpishi wa shughuli. Kutoka Ukunda mpaka Jego, harusi nisiyoipika mie watu huuliza kulikoni. Nimeombwa nisimame kumuaga Daktari Nzembi, daktari wetu wa akili, anayehamishiwa kwao Kitui. Wengine watamuaga kwa vyeo vyake. Mie nitamuaga kwa koo langu.

Mnakumbuka mwaka ule nilivyokonda? Msijifanye mmesahau, maana mlinisema vya kutosha. Ilianzia Jego, harusi ya binti wa Bi Fauzia. Nilionja samaki tafi wa kupaka, mwiba ukanikwama kooni. Wakanipa tonge la ugali nilimeze liusukume, na tonge nalo likakwama. Pumzi zikakatika, nikajua leo nafia jikoni mwa watu. Wakanigonga mgongo mpaka vyote vikatoka, wakacheka, nikacheka, harusi ikaendelea. Lakini tangu siku ile, kitu kigumu kikifika ulimini tu, koo linajifunga. Nikawa naishi kwa uji na chai.

Sasa niambieni, mpishi asiyekula atajulikana na nani? Anayewapakulia watu, nani atamuuliza kama amekula? Na nikiulizwa nilikuwa na jibu: nimefunga. Jumatatu nimefunga, Alhamisi nimefunga, mara na Jumanne nayo imeingia. Mkanisifu! Mashallah, Mwanapili amekuwa mcha Mungu. Bi Jumwa, yule pale anayejificha kwenye leso, alinijia nyumbani nimwombee dua mwanawe apate kazi hotelini Galu. Na kazi akapata!

Lakini nguo zilikuwa zikinipwaya. Huyu akasema sukari, yule vidonda vya tumbo, mwingine jini. Bi Fauzia akanivuta kando aniulize natumia dawa gani ya kupunguza tumbo, naye aitafute. Nami wallahi nilikuwa naogopa. Nilianza kupata kizunguzungu na kuanguka jikoni. Je, siku moja ningeangukia sufuria inayochemka, leo si mngekuwa mmenizika na kunisahau?

Mwanangu Hanifa akanikokota hadi hapa. Wakanimulika koo, wakanipima damu, wakachungulia kila panapochungulika. Koo zima, halina kitu. Ndipo nikapelekwa mlangoni kwa Daktari Nzembi. Nikamwambia Hanifa, kwa sauti, "Kumbe mwaniona nina wazimu!" Daktari akasikia, akatoka akicheka: "Shikamoo mama, karibu. Humu tunazungumza tu."

Akaniuliza, "Mama, ukijitazama kwenye kioo wajionaje?" Nikamwambia najiona mzuri, kwani wewe waonaje? "Waogopa kunenepa?" Mwanangu, mwili huu nimeulea kwa tui la nazi, leo niuogope? "Huwa wala chakula kingi kwa siri, kisha ukajitapisha?" La. "Watafuna udongo?" Nikamwambia nilitafuna nilipokuwa na mimba ya Hanifa, kama wenzangu wote. Akasema ya mimba ile hayampi wasiwasi leo.

Kisha akauliza lile ambalo hakuna jirani yangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza. "Umefunga, sawa. Jua likizama, wafungua na nini?" Nikasema, uji. "Na daku?" Uji. Akaweka kalamu chini. "Mama, mwenye kufunga huingojea magharibi kwa hamu. Wewe waiogopa?"

Ndugu wageni waalikwa, nililia kama mtoto.

Akanieleza kwamba maradhi ya kula yako mengi. Yuko anayejinyima kwa hofu ya unene, na hata akibaki mifupa bado hujiona mnene. Yuko anayebugia kisha akajitapisha, na huyo aweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, mkakaa naye meza moja msimjue. Yuko anayebugia asiweze kujizuia, hatapiki, anabaki na aibu yake. Na yuko kama mie, anayekitamani chakula na bado anakihofu. Hapo nilimwelewa upesi, kwa sababu pilau, biriani na wali wa nazi zote ni mchele, lakini ukizipika namna moja umeharibu shughuli ya watu. Lau angenifundisha kuupenda mwili wangu, na hali nilikuwa nikiupenda tangu zamani, si ningekufa nikijipenda?

Basi alinitibu kwa kula pamoja nami. Tulianza na ndizi ya kuponda, tukaja kwenye boga, kisha wali laini, yeye tonge lake na mie langu, hana haraka. Tulipofika kwenye muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe ya kwao Kitui, aliopika kwa mkono wake, nilisita kweli, lakini siku hiyo kosa halikuwa la koo, lilikuwa la upishi wake.

Kilichobaki ni samaki wa miiba. Tangu Jego sijamtia kinywani. Nampika, nawapakulia, naondoka zangu. Daktari hakunisukuma hata mara moja. Alisema, "Siku utakayoitaka wewe, mama."

Mwanangu Nzembi, siku nimeichagua. Leso yako ya kuagwa utapewa na Hanifa. Zawadi yangu mie ni hii: tafi wa leo nimempaka mwenyewe, ana miiba yake yote, na leo sipakui. Atapakua Eunice, msaidizi wangu. Mie nakaa sinia moja nawe, kabla hujapanda gari kwenda kwenu.

Daktari Ndolo, tafadhali sogeza kiti karibu yetu. Na wewe Bi Jumwa, toka kwenye leso hiyo. Safari hii niombee wewe.

Ahsanteni kwa masikio yenu. Naweni mikono, tule.